Buti limebaki topeni: kuchagua kiatu cha kutembelea mikokoni, mchangani na mbugani

Kila mvua za kusini zinapokaribia, Novemba kuingia Desemba, naanza kupokea swali lile lile: “Kaka, nakuja huko kwenu kwa kazi ya siku nne, tutatembea sana. Ninunue buti gani?” Wengine ni wanafunzi wanaokuja kuhesabu mikoko, wengine wapima ardhi, wengine wana mguu mwepesi tu. Nami huwajibu kwa swali: utakanyaga nini?

Sifanyi ujanja. Mtwara na Lindi unaweza kuanza asubuhi kwenye mchanga mkavu wa Msimbati, saa tano ukawa kwenye tope la mikoko, na kesho yake ukavuka bonde lenye udongo mweusi wa mbuga. Tope linafyonza, mchanga unakimbia chini ya mguu, na udongo wa mbuga unanata. Kiatu kilichokusaidia kwenye moja kinaweza kukutesa kwenye lingine. Kwa hiyo badala ya kusifia kiatu fulani, nitaanza na malalamiko ninayoyasikia, kisha tutafute chanzo chake.

Buti linabaki, mguu unatoka na soksi

Hili linaongoza, nami limenipata. Ilikuwa mikokoni Mikindani, nimebeba ndoo ya miche. Gambuti jipya, refu mpaka karibu na goti, namba 44 wakati mguu wangu ni 42, kwa sababu muuzaji alinihakikishia kwamba gambuti huvaliwa kubwa. Hatua ya nane hivi mguu wa kushoto ukatoka na soksi yake nyeupe, buti likabaki limesimama topeni, mdomo wazi, kama kinu. Nikabaki na mguu mmoja juu, ndoo mkononi, sina pa kuushusha.

Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja anaokota chaza.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Hilo buti linakwenda wapi peke yake?”

Yeye alikuwa amevaa raba nyeusi za shule zilizopauka. Juu ya kila raba amefunga utepe wa kanga: umepita chini ya unyayo, ukapanda juu ya mguu, ukazunguka kifundo mara mbili, fundo likakaa ubavuni wa nje ili lisinase kwenye mizizi. Raba zake hazikuwa na thamani ya soksi zangu, na alikuwa ameshatembea humo tangu maji yalipoanza kupwa.

Chanzo ni hiki. Tope la mikokoni ni chembe ndogo mno zilizolowa kabisa. Ile harufu ya yai bovu inayopanda ukikanyaga inakwambia kwamba hewa haipiti humo. Ukiinua mguu wima, chini ya soli panataka kubaki patupu, na kwa kuwa hewa haiwezi kuingia kujaza, tope linakishika kiatu kama mdomo ulioziba kwenye mrija. Hapo kuna mashindano kati ya tope na buti kwa upande mmoja, na buti na mguu wako kwa upande mwingine. Buti likiwa limekubana kuliko tope lilivyolishika, unatoka nalo. Likiwa limelegea, unatoka wewe.

Kwa hiyo angalia kwanza ukubwa. Dukani vaa ukiwa na soksi utakazotembelea, simama, kisha mwambie mwenzako akanyage ncha ya buti kwa nguvu huku wewe unajaribu kuinua kisigino. Kisigino kikipanda ndani ya buti zaidi ya upana wa kidole kimoja, liache. Gambuti nyingi za kawaida hufeli mtihani huu kwa sababu hazina kamba na shingo yake ni pana, zimetengenezwa kwa mtu wa kusimama bustanini. Kama tayari unalo, kata mikanda miwili ya tyubu ya baiskeli, kila mmoja uzunguke chini ya upinde wa unyayo na kufungwa juu ya kifundo. Haipendezi, lakini inashika kuliko kamba ya katani kwa sababu inavutika na haiteremki ikilowa.

Kama bado hujanunua, na safari yako ni ya mikokoni hasa, ushauri wangu unawashangaza wengi: nunua raba ya kitambaa inayopanda juu ya kifundo, yenye kamba, soli nyembamba ya mpira, isiyo na sponji nene ndani. Maji yataingia. Yaache yaingie, kwa sababu yatatoka pia. Waholanzi wana mchezo wa kutembea kwa miguu kwenye tope la bahari yao wakati wa maji kupwa, masafa marefu kabisa, na wao pia hushauriana raba ndefu za kitambaa zilizokazwa kamba. Bibi wa Mikindani hakuwauliza.

Kitu cha pili ni namna ya kuinua. Usivute wima. Inua kisigino kwanza, zungusha mguu kidogo kulia na kushoto ili maji na hewa vipenye ubavuni, ndipo vidole vifuate. Wala usisimame. Kadiri unavyokaa mahali pamoja ndivyo tope linavyojikaza kuzunguka kiatu. Ukitaka kupiga picha au kuandika, tafuta kwanza shina.

Na ukinaswa maji yakiwa yanajaa, achana na buti. Huku kwetu, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya au mpevu, maji hupanda zaidi ya mita 3 kwa saa sita hivi, na saa za katikati ndizo yanapokimbia zaidi. Kaa chini au lala chali ili uzito usambae, chomoa mguu polepole, tambaa mpaka kwenye mizizi. Gambuti utanunua jingine. Ukiwa nalo mguuni kwenye mkondo, likajaa maji, linakuwa nanga.

Jambo moja kwa upande wa gambuti, nisije nikaonekana nalichukia. Kwenye jaruba la mpunga na madimbwi ya maji baridi, livae. Kichocho kinapita kwenye ngozi iliyolowa humo, na hapo raba inayoingiza maji haikusaidii kitu.

Kila hatua nazama mpaka goti

Hapa wengi hulaumu kiatu, na mara nyingi kiatu hakina kosa. Piga hesabu. Mtu wa kilo 70 anapotembea, kuna wakati uzito wote uko juu ya mguu mmoja. Soli ya namba 42 ina kama sentimita za mraba 230, ikitua yote bapa. Hiyo ni kama kilo 0.3 kwa kila sentimita ya mraba. Sasa akitembea kama alivyozoea lami, anatanguliza kisigino, na kisigino ni kama sentimita za mraba 50. Ghafla ni kilo 1.4 kwa sentimita. Mtu yule yule, tope lile lile, amejiongezea uzito zaidi ya mara nne. Viatu vyenye kisigino kilichochomoza, hata kidogo, vinafanya hivyo kila hatua bila kukuuliza. Chagua soli bapa, na tua na unyayo wote kwa pamoja kama bata.

Chanzo kingine ni mzigo. Begi la kilo 20 mgongoni halionekani topeni, lakini mguu unalijua.

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni njia. Kando ya vijito ambako mkoko wenye mizizi ya upinde umeota ndiko tope ni laini zaidi, ila mizizi yenyewe inabeba mtu; kanyaga karibu na shina, pale mzizi unapoingia chini. Kwenye mchu, ule wenye vijiti vingi vilivyosimama kama penseli zilizochomekwa, ardhi mara nyingi imekaza kwa sababu chini ya vile vijiti kuna mtandao wa mizizi imelala. Mahali peupe, pang’avu, pasipo kijiti wala jani, panapovutia kupita kwa sababu pako wazi, ndipo pa kuogopa. Usipaamini hata kama nyayo za kaa zimepita juu.

Kijana mmoja tuliyekuwa naye kwenye mikoko ya Lindi, mlangoni mwa mto Lukuledi, alikuwa ameona viatu vya kutembelea kwenye theluji, vile vipana kama ungo vinavyofungwa chini ya buti. Akasema, basi na sisi tujitengenezee. Wazo si la kijinga. Wenzetu wa nchi za theluji, Kanada kwa mfano, huvichagua kwa uzito wa mtu pamoja na mzigo wake, si kwa namba ya mguu: mzito zaidi avae kipana na kirefu zaidi, na theluji ikiwa mpya na laini wanaongeza ukubwa tena. Chini vina meno ya chuma kwa ajili ya barafu na miteremko. Hesabu ni ile ile ya kilo na sentimita.

Tukakata mbao nyembamba mbili, tukafunga kwa tyubu. Kijana akapanda. Kwa kweli hakuzama, akatugeukia na kucheka. Kisha akajaribu kuinua mguu.

Tulimvua vile vibao kwa mikono. Theluji laini ina hewa tele katikati ya chembe zake, kwa hiyo ukiinua kile kiatu kipana hewa inaingia chini yake na kinatoka chepesi. Tope letu halina hewa ya kuingiza. Kadiri ulivyoongeza upana, ndivyo ulivyoongeza mdomo wa kufyonzwa. Kwa tope, upana unaofaa ni ule wa unyayo wako, zaidi kidogo. Ukitaka upana mkubwa, uweke chini na kuuacha hapo: matawi makavu au makuti yaliyolazwa mahali mtakapopita mara nyingi.

Ratiba nayo ni sehemu ya kiatu. Siku za maji mafu bahari haijai sana wala haipwi sana, na sehemu za chini hazikauki kabisa. Kupwa kwa bamvua kunakufungulia eneo kubwa zaidi, ila ndiko kunakoleta yale maji yanayorudi kwa kasi.

Kiatu kinakuwa kizito kama tofali

Huu ni ugonjwa wa mbugani. Udongo mweusi wa mabondeni ukilowa unanata kwenye soli, hatua inayofuata inanata juu ya iliyotangulia, na baada ya mita 100 umebeba kilo kadhaa kila mguu, umekuwa mrefu, na unateleza kwa sababu meno ya soli yamefunikwa yote.

Watu huja na buti zenye meno mengi, wakiamini mengi ni mazuri. Tazama nafasi kati ya jino na jino. Kidole chako cha shahada kikiweza kulala katikati, udongo utadondoka wenyewe mguu ukikunjika. Kikishindwa, utakuwa unasimama kila dakika tano na kijiti. Soli inayokunjika nayo ni bora kuliko ngumu, kwa sababu kule kukunjika ndiko kunakobandua udongo. Wenyeji wengi huvua kabisa na kutembea peku, na kwa mwendo hawajakosea, ila miiba na minyoo ya safura haibagui mwenyeji na mgeni.

Mchangani narudi nyuma, na mashavu ya miguu yanauma

Anayekwenda Msimbati kwa mguu analijua hili. Hata magari hunasa kwenye mchanga wa njia ile. Kiatu kigumu chenye meno hapo kinachimba, kinajitengenezea shimo, na kila hatua unapanda kutoka shimoni. Soli laini na bapa inafaa zaidi, na hapa upana kidogo unasaidia kweli, kwa sababu mchanga mkavu haufyonzi. Ndala hazifai kwa safari ndefu: vidole vinajikaza kuzishika, ndipo maumivu yanapanda mpaka kwenye mashavu ya miguu. Yeboyebo yenye mkanda wa nyuma ni afadhali. Katambuga za tairi zina soli ngumu lakini bapa, na mkanda wake unashika. Mimi ndizo navaa.

Malengelenge ya mchangani hayaletwi na urefu wa safari. Ni chembe zilizoingia kati ya mkanda na ngozi, zikachanganyika na chumvi na jasho. Osha miguu kwa maji ya chupa, si ya bahari, kila mnapopumzika, kausha, ndipo uvae. Na ukiweza, subiri kupwa utembee kwenye mchanga uliolowa karibu na maji, ulio mgumu kama sakafu. Ukiingia kwenye maji ya kina kifupi, buruza miguu badala ya kuinua, kwa sababu ya taa, samaki bapa wanaojifukia mchangani. Akiguswa ubavuni atakimbia, akikanyagwa mgongoni atapiga mkia wenye mwiba.

Soli imebanduka siku ya pili, na buti nililinunua zuri kabisa

Mtumba. Karibu kila mara ni mtumba.

Buti la mlimani la Ulaya, ngozi nzuri, halijatembelewa sana, bei ya kutupa. Ndani ya soli yake kuna tabaka la sponji la polyurethane, na hilo lina umri wake hata likikaa kabatini. Unyevu wa hewa unalila kutoka ndani, joto likiharakisha, na pwani yetu ina vyote viwili. Siku unapolikunja kwa safari ya kwanza ya kweli, linavunjika kama mkate wa juzi. Kwa maana hiyo, buti la mtumba linaloonekana halikuvaliwa kabisa lina hatari yake: huenda limekaa miaka mingi.

Kabla hujalipa, likunje kwa nguvu mara kumi. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha. Ukiacha alama isiyorudi, au unga ukabaki kwenye ukucha, rudisha mezani. Tazama mistari midogo ya nyufa pale buti linapokunjika. Gundi haiponyi kitu hapo, kwa sababu kilichooza ni sponji yenyewe, gundi haina pa kushika. Fundi viatu mwaminifu atakwambia hivyo. Anachoweza kufanya ni kuondoa soli yote na kushonea mpya ya tairi kwa uzi wa nailoni, na ukimkuta anayeshona vizuri, hicho kiatu kitakuzidi umri.

Kama buti ni jipya dukani na bado limebanduka, uliza ulilikaushaje. Kulianika juu ya bati saa saba mchana kunalegeza gundi, na raba zenye soli ya sponji nyepesi hujikunja na kupungua kwa joto hilo. Suuza chumvi kwa maji baridi siku hiyo hiyo, toa kitambaa cha ndani, jaza magazeti, weka kivulini penye upepo.

Miguu imekatwa, na kiatu ni kizima

Chaza wanaoshika kwenye mizizi ya mikoko wana kingo kama wembe, na zinakata juu ya kiatu: kifundoni na kwenye muundi. Soksi ndefu nene, za mpira wa miguu, zinatosha. Kwenye mwamba wa matumbawe mambo hugeuka, hatari iko chini. Soli nyembamba niliyoisifia mikokoni hapo haifai, maana kuna wanyama wa miiba mirefu myeusi na samaki anayefanana na jiwe, mwenye sumu mgongoni. Ukichomwa naye, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, na muwahi hospitali.

Ukucha wa dole gumba umekuwa mweusi

Hawa ni wale waliopanda uwanda wa Makonde, wakafika Newala, wakatazama bonde la Ruvuma kutoka ukingoni, paitwapo Shimo la Mungu, wakaona wateremke. Kuteremka, mguu unateleza mbele ndani ya buti na dole gumba linagonga ukuta kila hatua. Wengi hudhani buti ni dogo, wakaenda kununua kubwa zaidi. Kubwa zaidi litagonga kwa nguvu zaidi, maana mguu una nafasi ya kuchukua kasi. Kaza kamba pale mguu unapokunjika kuingia kwenye muundi, piga fundo la kwanza hapo hapo, kisha endelea juu. Kata kucha siku mbili kabla. Na kama buti halina kamba za kukaza, angalia namba iliyoandikwa chini ya soli. Usishangae kukuta ni lile lile la 44.